CD hazichomeki kwenye Linux: "power calibration area error" kila nikijaribu

kinanda_kidogo

Wakuu habari zenu.

Nina kompyuta ya mezani ya zamani ambayo haikubali kuwaka kwa flashi. BIOS yake haina hata chaguo la USB. Ina diski ngumu, flopi na CD basi. Nataka kuiwekea mfumo mwepesi iwe ghala la faili za nyumbani, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuchoma ISO (faili moja lenye nakala nzima ya diski ya mfumo) kwenye CD. ISO yenyewe ni megabaiti 600 na kitu, inaingia bila shida.

Nachomea kwenye laptopu yenye Debian, kwa draivu ya nje, ile nyembamba ya waya mmoja wa USB. Kusoma inasoma vizuri kabisa: CD za muziki, picha za zamani, chochote ninachoiwekea. Kuchoma ndiko hakutaki. Nilianza na Brasero, ikaniambia imeshindwa na isiniambie kwa nini. Nikaweka K3b, hali ikawa ileile. Mwishowe nikaenda kwenye terminali, nikatumia wodim, programu ya kuchoma CD kwa amri:

`wodim -v dev=/dev/sr0 speed=16 mfumo.iso`

Inahesabu sekunde kurudi nyuma, draivu inanguruma, taa inamemeta, halafu inatema hii:

```
CDB:  54 01 00 00 00 00 00 00 00 00
status: 0x2 (CHECK CONDITION)
Sense Key: 0x3 Medium Error, Segment 0
Sense Code: 0x73 Qual 0x03 (power calibration area error) Fru 0x0
wodim: OPC failed.
```

Nimebadilisha CD kadhaa za mnara uleule (zile zinazouzwa zimepangwa juu kwa juu), zote zinaishia hapohapo. Rafiki yangu anadai Linux na CD havipikiki chungu kimoja, nitafute Windows nichomee huko. Windows sina na sitaki kuwa nayo kwa sababu ya CD moja. Tatizo ni Linux, ni draivu, au ni CD zenyewe?

---

kobe_mwendo

Punguza spidi mkuu. Weka speed=1, ikikataa weka speed=4. Mimi zangu zote nachoma kwa spidi ya chini kabisa na hazinisumbui. Na uifute CD kwa kitambaa laini kabla hujaiweka.

---

mzee_wa_sr0

Kabla hatujakimbilia spidi, tusome alichobandika. Kinanda umefanya la maana kuleta ujumbe mzima. Wengi huleta picha ya dirisha la Brasero lililoandikwa "imeshindwa", halafu wanataka tupige ramli.

CD ikigoma kwenye Linux, wanaoweza kuwa wanalalamika ni watatu. Programu ikilalamika, utaona habari za faili na ruhusa: haioni kitu, haina kibali, haielewi fomati. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikilalamika, malalamiko yake yanakaa kwenye dmesg, daftari lake la matukio, na mara nyingi hayafiki kwenye dirisha la programu. Draivu ikilalamika, inajibu kwa namba, hizo za Sense Key, Sense Code na Qual. Namba hizo hazikutungwa na wodim wala na Linux. Zimetoka kwenye draivu, na draivu hiyohiyo ingetoa namba hizohizo ukiichomeka kwenye mashine ya rafiki yako.

Tusome basi. Sense Key 0x3 maana yake lawama zinaelekezwa kwenye diski iliyomo ndani. 0x73 na Qual 0x03 ni kwamba upimaji wa nguvu ya leza (ndiyo hiyo OPC) umeshindikana. Mstari wa CDB unaoanza na 54 ni amri iliyokuwa inatekelezwa wakati huo, nayo ndiyo inayoiambia draivu ipime leza yake. Kwa hiyo hakuna hata baiti moja ya ISO yako iliyofika kwenye CD. Ndiyo maana kutoka Brasero kwenda K3b kwenda wodim hakukubadili kitu: umebadilisha tarishi, barua ni ileile na anayeijibu ni yuleyule. Isitoshe, K3b yenyewe kwa CD za data huwa inaita wodim au cdrecord kwa nyuma.

Upimaji huo ni nini? CD-R ina tabaka la rangi linalobadilika likipigwa na leza. Rangi za viwanda mbalimbali hazifanani, na hata joto la draivu linaweza kubadilisha hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, draivu inakwenda kwenye ukanda mwembamba ulio ndani kabisa, karibu na tundu la katikati, sehemu ambayo wewe huwezi kuweka faili. Pale inachoma alama za majaribio kwa nguvu tofauti tofauti, inarudi kuzisoma, kisha inachagua nguvu iliyotoa alama safi kuliko zote. Ukanda huo una nafasi ya majaribio 100 hivi katika CD-R. Yako imechoma, imerudi kusoma, na haikuona nguvu hata moja ya kuridhisha.

Hapo nashuku vitu vitatu. Umeme hautoshi, au lenzi imeingia vumbi na leza imechoka, au draivu na aina hiyo ya CD haziafikiani. Mimi naanza na umeme, kwa sababu umesema ni draivu nyembamba ya waya mmoja. Hukusema umeichomeka wapi. Ni moja kwa moja kwenye laptopu, au kuna habu katikati?

Nauliza hivyo kwa sababu kusoma vizuri hakuthibitishi chochote kuhusu kuchoma. Leza ya kuandika inahitaji nguvu mara kadhaa ya ile ya kusoma, na inaidai ghafla, wakati huohuo mota nayo inazungusha diski. Poti ya USB 2.0 inaahidi miliampia 500, ya USB 3.0 inaahidi 900. Habu isiyo na adapta yake inachukua hizohizo 500 na kuzigawa kwa kibodi, kipanya na chochote kingine ulichokitundika hapo. Draivu nyingi za aina yako zilikuja na waya wenye vichwa viwili upande wa kompyuta, na kile cha pili kazi yake ni kuvuta umeme tu. Watu hukiona cha ziada, wanakitia kwenye droo.

Huhitaji kuniamini. Fungua terminali ya pili, andika:

`sudo journalctl -kf`

Iache wazi, kisha choma kwenye ile ya kwanza. Ukiona "reset high-speed USB device" au "USB disconnect" katika sekunde ileile ambayo wodim inalia, tumemaliza mjadala.

Kobe, speed=1 ni ushauri wa enzi za draivu nyingine. Nyingi za sasa zina spidi ya chini kabisa zisizoshuka zaidi ya hapo, na ukiziomba 1 zinakupa zinachotaka zenyewe bila kukuambia. Iulize draivu yenyewe, huku CD tupu ikiwa ndani:

`xorriso -outdev /dev/sr0 -list_speeds`

Itakupa orodha. Chukua ya katikati, 8 au 16 kama zipo. CD zinazouzwa sasa rangi yake imetengenezwa kwa mwendo mkubwa, kwa hiyo kwenda polepole mno si lazima kukupa alama nzuri zaidi.

---

kobe_mwendo

Sawa mzee, ila kwangu spidi ya chini inafanya kazi, siwezi kukana ninachokiona.

---

mzee_wa_sr0

Sikukatalii. Draivu ya nje isiyoshiba umeme, ukiipunguzia mwendo, mota inakula kidogo na leza inapata cha kwake. Kwa hiyo inaweza kupita. Lakini hapo dawa imekuwa umeme, spidi imesaidia kwa mlango wa nyuma. Na huyu ndugu hajafika hata hatua ambayo spidi inaharibu data.

---

nyuzi_na_waya

Nadandia hapohapo kabla uzi haujafungwa. Yangu haifiki hata kwenye kupima leza. Nikikaa mbele ya mashine nachoma bila shida. Nikiingia kwa SSH kutoka chumba kingine, mtumiaji yuleyule, amri ileile, naambiwa Permission denied. Kwa sudo inapita. Nimechoka kuandika sudo kwa kitu ambacho nikikaa mbele yake hakihitaji.

---

mzee_wa_sr0

Lako ni yule mlalamikaji wa kwanza, programu. Andika `ls -l /dev/sr0` na utazame kwa makini:

`brw-rw----+ 1 root cdrom 11, 0`

Ile alama ya kujumlisha mwishoni mwa ruhusa ndiyo siri. Inasema kuna kibali cha nyongeza juu ya vile vya kawaida. Systemd humpa kibali hicho aliyeketi mbele ya skrini, na akitoka inamnyang'anya. Wewe wa SSH huhesabiwi kuwa umeketi hapo. `getfacl /dev/sr0` itakuonyesha jina la aliyepewa.

Jiunge na kundi lenye draivu:

`sudo usermod -aG cdrom jina_lako`

Utoke kabisa kwenye akaunti na kuingia upya, maana kundi jipya halihesabiki kwenye kikao kilichokwisha kufunguliwa. Kwenye Arch kundi linaitwa optical. Na usizoee sudo kwa K3b au Brasero. Mafaili ya mipangilio yanageuka kuwa mali ya root kwenye folda yako, baadaye unashangaa kwa nini programu haihifadhi chochote.

---

kinanda_kidogo

Mzee, umeona mbali. Ilikuwa kwenye habu, pamoja na kibodi, kipanya na kisomaji cha kadi. Nilifungua journalctl kama ulivyosema, na sekunde ileile OPC ilipofeli ikaja:

`usb 1-2.3: reset high-speed USB device number 7 using xhci_hcd`

Waya wa vichwa viwili sina, huu wangu ulikuja na kichwa kimoja. Nikaihamishia kwenye poti ya laptopu yenyewe, ile ya buluu, nikachomoa na vingine vyote. Safari hii ikapita, ikachoma hadi mwisho, ikatoa trei. Nikashangilia.

Sasa furaha imeniishia njiani. Nataka kuhakikisha kilichochomwa ni sawa na nilichopakua, nikafanya:

`sha256sum /dev/sr0`

Ikasoma muda mrefu, halafu mwisho kabisa: `sha256sum: /dev/sr0: Input/output error`. Namba ya kulinganishia haikunipa. Kwenye dmesg kuna hii:

`I/O error, dev sr0, sector 1232000`

Ina maana CD imeharibika mwishoni? Nichome nyingine? Nikiifungua kwenye kidhibiti cha faili naona kila kitu kipo, ila siamini tena macho yangu.

---

kobe_mwendo

Hiyo sasa ni CD mbovu mkuu. Zile za mnara za bei rahisi ukingo wake wa nje huwa hauna rangi ya kutosha.

---

mzee_wa_sr0

Usichome nyingine kwanza. Nipe ukubwa kamili wa ISO kwa baiti: `stat -c %s mfumo.iso`. Uiandike yote, usiifupishe kuwa megabaiti.

---

kinanda_kidogo

630784000

---

mzee_wa_sr0

Asante. Sasa chukua kikokotoo. Kerneli inapotaja sekta kwenye dmesg, inahesabu kwa vipande vya baiti 512, hata kama CD yenyewe ina sekta za baiti 2048. Kwa hiyo 1232000 mara 512.

Ni 630784000.

Kosa limetokea kwenye baiti ya kwanza BAADA ya ISO yako kwisha. Data yako yote imesomeka. Kilichogoma ni kitu kilicho nje yake.

Kitu gani? Wodim usipoielekeza kwa CD za data, mara nyingi inachoma kwa mtindo wa TAO, yaani leza inawashwa na kuzimwa kwa kila wimbo au kipande cha data. Kila inapozimwa, zinabaki sekta mbili za kumalizia zisizokuwa na chochote cha kusomeka. Draivu ikiulizwa "diski hii ina ukubwa gani?" inazihesabu na hizo mbili. Kerneli inaamini, inakwenda kuzisoma, inakuta patupu, inarudi na I/O error. Ukifungua faili kwa kawaida huoni lolote kwa sababu hakuna faili linaloishi kwenye sekta hizo. Ukisoma kifaa kizima kutoka mwanzo hadi mwisho, kama ulivyofanya, unazigonga.

Jambo hili linajulikana hata ndani ya kerneli. Kanuni za SCSI zinaruhusu ukubwa unaotajwa na draivu uzidi sekta ya mwisho inayosomeka kwa hadi sekta 75, na kwenye msimbo wa sr, sehemu ya kerneli inayoendesha draivu za CD, wameweka kinga: kosa likitokea ndani ya sekta 75 za mwisho, kerneli inapunguza kimyakimya ukubwa inaoukumbuka. Ndiyo maana kuna watu wanaoapa kwamba CD yao ilifeli mara ya kwanza na kupita mara ya pili bila wao kugusa chochote.

Kilicho kibaya zaidi ni kusoma kwa kutangulia. Kerneli haisomi sekta moja moja. Inavuta fungu kubwa mbele kwa kudhani utazihitaji. Fungu hilo likigusa zile sekta mbili, wakati mwingine linaanguka lote, pamoja na data nzima iliyokuwa jirani. Wewe umebahatika, lako limekata palepale mpakani.

Hakiki hivi. ISO yako ni sekta 308000 (630784000 gawa kwa 2048), kwa hiyo soma hizo tu:

```
sudo blockdev --setra 0 /dev/sr0
dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=308000 | sha256sum
```

Mstari wa kwanza unazima kule kusoma kwa kutangulia. Linganisha na `sha256sum mfumo.iso`, na hiyo ya ISO nayo uilinganishe na namba iliyowekwa pale ulipoipakulia, maana CD inaweza kuwa nakala kamili ya faili bovu. Kama hujui idadi ya sekta, kwa mfano CD umepewa na mtu, `isosize -d 2048 /dev/sr0` inakupa jibu kwa kusoma kichwa cha ISO chenyewe, haiiulizi draivu.

Siku nyingine ukichoma data, chagua SAO, mtindo wa kuandika kikao chote kwa mkupuo mmoja, na uongeze mto wa sifuri mwishoni ili kusoma kwa kutangulia kuwe na pa kuangukia:

`cdrskin -v dev=/dev/sr0 speed=16 -sao padsize=300k mfumo.iso`

Nimeandika cdrskin kwa makusudi. Wodim ni tawi la cdrecord ambalo watu wa Debian walilianzisha 2006 baada ya mvutano wa leseni, na toleo lake la mwisho ni la 2010. Kwa CD bado inachoma, kama ulivyoona. Lakini cdrskin inatumia maktaba ya libburn, ambayo ina mtu anayeitunza, na amri zake zimefanywa zifanane na za cdrecord ili vidole visipate shida. Kwa DVD ndiyo kabisa, wodim usiiguse.

Kobe, kuhusu ukingo wa nje: CD ya dakika 80 ina sekta 360000 hivi. Yake imeishia 308000. Hajafika huko ukingoni unakokusema.

---

sauti_ya_nne

Wakati tuko hapa, naomba na mimi. Nataka CD ya muziki ya kupiga kwenye redio ya gari isiyojua mp3. Nimetoa wav zangu, wodim inasema `Inappropriate audio coding`. Halafu K3b inadai nyimbo zangu hazienei, na folda nzima ya mp3 ni megabaiti 300! CD si ni 700?

---

mzee_wa_sr0

Mawili tofauti.

La kwanza: wav ni kasha tu, ndani inaweza kuwa na sauti ya aina yoyote. CD ya muziki inakubali moja: sampuli 44100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili. Wav iliyotoka kwenye video huwa ni 48000, na rekodi za simu mara nyingi ni njia moja. Zigeuze:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -ar 44100 -ac 2 -c:a pcm_s16le 01.wav`

Kisha `cdrskin -v dev=/dev/sr0 speed=16 -sao -audio *.wav`. Namba za mafaili ziwe na sifuri mbele, 01, 02, la sivyo wimbo wa 10 utakaa kabla ya wa 2.

La pili: kwa CD ya muziki sahau megabaiti, hesabu dakika. Mp3 inafunguliwa yote ikichomwa, na sekunde moja ya sauti inakula sekta 75 bila kujali mp3 ilikuwa imebanwa kiasi gani. Dakika 80 ndiyo kikomo. Megabaiti 300 za mp3 zinaweza kuwa saa tano za muziki. K3b iko sahihi.

---

kinanda_kidogo

Namba zimelingana, ya CD, ya ISO na ya tovuti, herufi kwa herufi. Mashine ya zamani imewaka kwa CD hiyohiyo ya kwanza na sasa hivi iko katikati ya kupanga diski. Nilikuwa karibu kuitupa.

Swali la mwisho mzee, nisikuchoshe. Zile zilizofeli kule mwanzo kwenye habu nimezipanga pembeni. Ni za kutupwa?

---

mzee_wa_sr0

Usizitupe. CD-R iliyofelia kwenye upimaji imepoteza nafasi chache za majaribio kwenye ule ukanda wa ndani, basi. Sehemu ya data haijaguswa. Weka moja moja na uulize:

`cdrskin -minfo dev=/dev/sr0`

Tafuta mstari wa "disk status". Ikisema empty, ichome kama mpya. Ikisema incomplete, leza ilishaanza kuandika kabla ya kukatika, hiyo iweke kando. Ila hakikisha ni poti ya laptopu, na kama laptopu inatumia betri, ichomeke kwenye umeme kwanza. Ikifeli tena kwa 73/03 hata hapo, na CD ya aina nyingine nayo ikifeli, basi umeme hauna kesi. Hapo fungua trei upulize lenzi kwa pampu ya hewa, usiisugue.